Manjano Kwenye Rejeta

Ninyi mnaoingia kwenye ufundi wa magari sasa, mtu akiwaambia kwamba anaujua moshi mweupe, msimkabidhi spana. Moshi mweusi unajulikana: injini inanyweshwa petroli kuliko inavyoweza kumeza. Moshi wa buluu unajulikana: oili inaungua, ringi za pistoni zimechoka. Lakini huu mweupe! Nimekaa chini ya magari ya watu karibu miaka thelathini, mpaka mgongo wangu ukaamua kustaafu, nami nikaufuata kwa kuwa hatujazoea kutengana. Na bado ukitokea asubuhi nyuma ya gari, husimama nikautazama kama mtu aliyesahau jina la shemeji yake.

Nitawaelezeni habari za gari moja tu. Lilikuwa la Salumu, na lilitakiwa kumpeleka bibi yake Dar es Salaam apande meli ya mahujaji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hapa hapa Bagamoyo. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu huko Kampala na cheti cha sayansi, nikisubiri barua ya kuitwa kazini. Barua ilichelewa. Mama alichoka kuniona barazani nikisoma gazeti lile lile, akamwambia kaka yake, Fundi Pazi, "Mchukue huyu mpwa wako, angalau akushikie taa." Ndivyo nilivyoingia gereji: banda la makuti, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na pipa la maji ya kisima. Barua ilipofika, miezi minane baadaye, sikwenda. Watu waliniuliza kwa nini, nikawajibu kwamba mikono yangu imeshaharibika kwa kazi za ofisini. Ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo sijalielewa, na niliona aibu kuondoka kabla sijalielewa.

Mjomba hakuwa na kitabu hata kimoja. Alikuwa na pua, masikio na ulimi. Gari likifuka moshi mweupe, aliweka kiganja penye mdomo wa bomba, akangoja kilowe, kisha akakilamba. Maji ya visima vyetu yana chumvi kidogo, mnayajua. Kwa hiyo kiganja kikiwa na chumvi, maji yametoka kwenye rejeta na yanaingia yasikotakiwa. Kikiwa hakina ladha, ni umande wa bombani tu, mwache mwenye gari aende zake.

Nilimwambia siku ya kwanza kwamba jambo hilo haliwezekani. Maji yakigeuka mvuke huiacha chumvi yake nyuma. Ndivyo chumvi inavyopatikana. Mjomba akaninyooshea kiganja. "Onja." Nikaonja. Ilikuwa na chumvi. Labda ni matone yaliyotemwa kabla hayajawa mvuke. Hiyo ndiyo maana niliyoipata baadaye, na sijaiamini kabisa. Ninyi msionje. Siku hizi watu wanatia dawa kwenye maji ya rejeta, dawa yenyewe ni tamu na ni sumu. Nasi tuliokuwa tukilamba masizi ya bomba hatukuwa mashujaa, hatukujua tu.

Basi Jumapili moja asubuhi Salumu akaja na gari lake la bodi ya mbao, linafuka nyuma kama jiko la kuni mbichi.

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Kaenda Mkange, mazikoni. Nipo mimi."

Salumu akanitazama, akaitazama barabara ya Mkange, akanitazama tena. "Haya, msomi. Tazama."

Meli ilikuwa iondoke Alhamisi alasiri. Basi lilipita Bagamoyo mara moja tu kwa wiki, Jumamosi, na la wiki ile lilikuwa limepita jana yake. Bibi Mwanaidi angeweza kulipanda, lakini Salumu alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba bibi yake hawezi kwenda kuhiji kwa basi ilhali mjukuu ana gari. Chombo cha baharini Bibi hakutaka kukisikia. Alisema bahari ya kuogopa ni moja, ile ya Jeddah, hana haja ya kuanza mazoezi. Kaka yake alikuwa akimsubiri Dar es Salaam wasafiri pamoja. Miaka na miaka ya kukaanga vitumbua alfajiri ilikuwa inaishia kwenye gari lile, na gari lile lilikuwa mikononi mwangu.

Je, nililamba kiganja? Sikulamba. Mjomba hakuwepo kuniona, nami nilikuwa na elimu. Nikamweleza Salumu kwamba petroli ikiungua huzaa maji, na maji hayo yakikutana na bomba lililolala kwenye baridi hufuka. "Umande tu huo. Injini ikipata moto utatoweka."

Ukatoweka kweli, jua lilipopanda. Nikala mchana kwa furaha sana siku ile.

Jumatatu Salumu akarudi kutoka Kerege na debe tupu. Alikuwa amesimama njiani mara tatu kuongeza maji. Nikaingia shimoni, nikatazama mipira ya maji, nikatazama pampu: hapakuwa na tone. Maji yanakwisha na hayamwagiki. Nikasimama pale nimechanganyikiwa kama mwalimu wa hesabu aliyeibiwa ubao.

Nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa ya njano iliyokoza.

"Kutu," nikasema, na nilifurahi kupata neno la kusema. "Kutu imeziba njia za maji, injini inachemka, maji yanapaa hewani. Tuisafishe rejeta, mambo yatakwisha."

Salumu hakusema kitu. Sasa najua kwamba kile kilikuwa kimya cha mtu mwenye habari. Wakati ule nilidhani ananistaajabia.

Nikachemsha maji ya magadi, nikayamimina, nikawasha injini, nikayafungulia mchangani. Nikarudia. Nikarudia tena, mpaka maji yakatoka meupe pe. Katika kazi zote nilizowahi kufanya, hiyo ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyoharibu gari.

Jumanne asubuhi tuliwasha. Moshi ulitoka mwingi hata mwalimu wa chuo cha Kurani, ng'ambo ya njia, akafunga madirisha. Injini ikawa inachechemea, silinda tatu zinafanya kazi na moja inakohoa.

"Umelifanya nini gari langu?" Salumu akauliza.

"Nimelisafisha."

"Basi lichafue. Lirudishe lilivyokuwa."

Hilo sikusomea. Nikafanya kila anachofanya mtu asiyejua afanye nini: nikafungua kabureta, nikamwaga petroli yote nikidhani imeingia maji, nikabadilisha plagi. Nilipochungulia tena kwenye rejeta niliona mapovu yakipanda, nikasema yanachemka. Niliingiza kidole, maji yalikuwa ya baridi. Nikakitoa kidole, nikafunga kifuniko, nikajifanya sikuona. Vijana, mkumbuke mapovu hayo. Maji ya baridi hayachemki.

Saa nne hivi Bibi Mwanaidi akaja, kajifunga kanga moja na nyingine kajitanda, kabeba bahasha yake ya safari, mfuko wa kitambaa wa kutilia nguo, kama anayeogopa meli itakuja kumchukua pale pale gereji. Akakalia sanduku la vipuri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Gari linaumwa?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Litapona kabla ya Alhamisi?"

"Inshallah."

"Hiyo inshallah ya Waislamu, au ya mafundi?"

Nikainama ndani ya injini nikatafuta kitu cha kukaza.

Mjomba alifika alasiri, viatu vina vumbi la Mkange. Hakuenda kwenye gari. Alisimama pale mchangani nilipoyamwaga maji ya rejeta, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Nani amepika mchuzi hapa?"

Tukatazama chini. Mchanga ulikuwa wa njano, na sasa baada ya yeye kusema hata mimi niliisikia harufu. Kutu hainuki hivyo. Mjomba akamgeukia Salumu.

"Ulitia kiasi gani?"

"Konzi mbili," Salumu akasema, macho chini.

Hapa niwaeleze. Madereva wa njia ya Msata walikuwa na dawa yao ya rejeta inayovuja. Mtu anatia manjano ya kupikia, maji yanayabeba mpaka penye ufa, yanavimba, yanaziba. Kila dereva aliijua na kila dereva aliificha, kwa kuwa kutia kitu cha jikoni kwenye injini ni sawa na kukiri kwamba huna gari, una sufuria. Salumu alikuwa ameona maji yanapungua tangu wiki mbili nyuma, akatia manjano, akanyamaza.

"Ya nani?" mjomba akauliza.

"Ya... nyumbani."

Bibi Mwanaidi akainuka pale sandukuni. "Salumu. Mkebe wangu wa manjano?"

"Shikamoo Bibi."

"Usinipe shikamoo hapa! Mkebe wangu, wewe ndiye?" Akatushika mashahidi, mimi na mjomba. "Nimemwita Mwajuma mwizi! Jirani yangu wa miaka ishirini! Wiki mbili hatusemezani. Nimezunguka mtaa mzima kuomba radhi, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa yule mwenye punda. Mlango wa Mwajuma nimeuruka, nasema huyo ndiye wa kuja kuniomba mimi. Kumbe ningesimama Arafa na manjano shingoni!"

"Bibi, nilitaka nikwambie..."

"Ulitaka lini? Nikisharudi?"

Akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka kuelekea kwa Mwajuma, anatembea kama mtu wa miaka ishirini.

Mjomba alingoja hadi akapotea penye kona. "Mpwa wangu," akaniambia polepole, "manjano yalikuwa yameshika mahali. Hayakuziba vizuri, lakini yalishika. Wewe umebandua bandeji ukaiita uchafu."

"Bibi anajua kwamba ni mimi?"

"Sijui anachojua. Hilo ni lako, si la gari."

Bibi alirudi baada ya saa nzima, macho mekundu, mkononi kashika mkebe. Tulidhani ni wake. "Wa Mwajuma," akasema. "Kasema, kama gari linapenda manjano, lipewe, yeye hana kinyongo na gari." Nami nikamwona mjomba, kwa mara ya kwanza tangu arudi mazikoni, anacheka.

Maana mkebe ule ndio aliokuwa akiutaka. Alitia manjano mapya, safari hii si kwa kuziba. Akaijaza rejeta, akaiendesha injini mpaka ikapata moto, akaizima, akasema gari lisiguswe mpaka asubuhi. "Maji yakinyamaza huenda kwao," akasema. Sikuelewa. Nililala bila kuelewa.

Jumatano baada ya alfajiri tulitoa plagi zote nne. Mjomba alikata kijiti chembamba, akatafuta kitambaa cheupe cha kufunga nchani. Gereji haina kitambaa cheupe. Bibi, aliyekuwa ameshawasili kabla yetu, akafungua bahasha yake, akatoa bafta mpya iliyokunjwa, akachana kipande pembeni. Nikaijua ile bafta. Watu wengi waliokwenda kuhiji walibeba sanda zao.

"Bibi, hiyo si..."

"Ndiyo. Mwenye kuivaa halalamiki kuwa fupi. Shika."

Silinda ya kwanza, kitambaa kikatoka na masizi. Ya pili, masizi. Mjomba akageuza upande safi, akakiingiza kwenye ya tatu, akakizungusha kidogo juu ya pistoni, akakitoa.

Kilikuwa cha njano kama kiini cha yai.

Katika vitabu vyangu vyote hapakuwa na ukurasa uliosema wazi kama kile kitambaa. Maji yalikuwa yanapita kutoka kwenye njia yake na kuingia silinda ya tatu, yanageuka mvuke humo na kutoka nyuma kama moshi mweupe. Ndiyo maana hayakumwagika chini. Ndiyo maana mapovu: pistoni nayo ilikuwa inapuliza hewa kwenye maji. Na oili haikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ikimaanisha kwamba maji yameingia silinda tu, hayajashuka chini. Yote hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, moja moja, na hayakunisaidia.

Tulifungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Gasketi, lile bamba la shaba linalokaa kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua penye silinda ya tatu, mwanya usiozidi ukucha wa mtoto. Hedi nayo ilikuwa imepinda kidogo kwa joto. Mjomba alinituma dukani kwa Karsan kuazima kioo kinene cha kabati lake la halua.

"Mkikivunja," Karsan akasema, "halua nitaipanga kichwani kwako, msomi. Kichwa chenyewe kimekaa kama sinia."

Kioo kimenyooka kuliko kitu chochote katika mji. Tulikilaza mezani, tukabandika msasa juu yake, tukaisugua hedi kwa mwendo wa namba nane, huku tunaigeuza, mpaka uso wote ukang'aa sawa. Gasketi nzima mjomba aliivua kwenye injini mbovu iliyokuwa nyuma ya banda. Ilikuwa imekakamaa. Akaiweka juu ya makaa ya vifuu mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini.

"Mjomba, itazidi kuwa ngumu!" nikapiga kelele.

Akanipa mkononi. Ilikuwa laini kama jani la mgomba. Chuma ndicho kinachokuwa kigumu ukikichovya. Shaba huwa kinyume. Nilikuwa nimesoma habari za chuma tu.

Nati za hedi tulizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupishana, mara tatu, kila mara kidogo. Msikaze nati moja mpaka mwisho mkaenda nyingine; hedi si mlango. Tukawasha, tukaiacha ipate moto, tukazima, ikapoa, tukakaza tena. Alasiri ilitukuta tumekaa mavumbini, na kioo cha Karsan kizima.

Alhamisi alfajiri mtaa wote ulikuja kuaga. Mwajuma alikuja na kapu la vitumbua, akamwambia Bibi, "Hivi havina manjano, usinitafute." Salumu akawasha gari. Bomba likatoa moshi mweupe.

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Nini hicho?" mjomba akauliza.

"Umande."

"Una hakika?"

"Sina."

"Basi?"

Nikaenda nyuma, nikaweka kiganja, nikalamba mbele ya mtaa mzima na cheti changu cha sayansi. Hakikuwa na ladha yoyote. Nikatikisa kichwa kukubali, lakini moyoni nilikuwa na mashaka hata na ulimi wangu.

Bibi alikuwa anapita kwa kila mtu kabla ya kupanda. Akanifikia. "Mwanangu, nakwenda, kurudi ni kwa Mungu. Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, nipe radhi."

Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni. Bibi, ni mimi niliyeosha rejeta. Ni mimi niliyekula siku zako mbili. Lakini watu walikuwa wengi, na Karsan alikuwa amesimama karibu.

"Nimekusamehe, Bibi," nikasema.

Akanitazama kidogo, akapanda. Gari likaenda, moshi nyuma yake.

Siku nzima ile sikuweza kushika kazi. Salumu alirudi Ijumaa mchana. Hakuzima injini, alitoa kichwa dirishani tu. "Kapanda! Tulipofika Kerege bomba kavu, na debe sikuligusa." Nikakaa chini palepale mchangani, penye madoa ya njano.

Mngedhani baada ya hapo nimejua. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja alileta gari lake linafuka asubuhi, nami kwa kuogopa yasijirudie yale ya Bibi nikalifungua hedi, nikakuta gasketi mpya kabisa, nzima, nikaifunga tena kwa aibu. Ulikuwa ni umande. Mara ya kwanza niliita ugonjwa umande, mara ya pili nikaita umande ugonjwa.

Lakini kabla ya hapo, miezi mitatu tu baada ya safari ile, Bibi Mwanaidi, sasa Hajati, akaja gereji na kichupa cha maji ya Zamzam. Akatugawia kidogo kidogo, kila mtu kikombe cha kahawa. Nilikishika, na kabla sijanywa nikasema, "Bibi, ile siku ya Jumatatu..."

"Uliosha rejeta."

"Nani alikwambia?"

"Nilikuja kukuangalia nikasimama pale kwenye uzio. Uliisugua kwa raha sana, nikaona haya kukukatiza."

"Basi siku ile ya kuaga ulijua?"

"Nilijua. Nikakuomba radhi kwa makusudi, nikasema huyu ataona haya, naye aombe yake, niondoke na moyo mweupe." Akaanza kucheka, akashika nguzo ya banda. "Weee! Ukanisamehe!"

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Nami niliomba radhi yangu pale pale, mbele ya Salumu, nikapewa. Kisha, bila kufikiri, nikachovya ncha ya ulimi kwenye kikombe. Yalikuwa na chumvi kidogo, na kwa dakika moja akili yangu ikakimbia kuulizia yanavuja wapi.

"Kunywa, baba," Bibi akasema. "Hayo hayatoki kwenye gari."